Bendera za Meli Zilizotuleta



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mmenisikia nikilieleza barazani, nalo ni bendera za kampuni za meli. Nimekubali kwa furaha, tena kwa sababu maalumu. Karibu kila nyumba yetu hapa Doha ina boksi la biskuti au albamu kuukuu yenye picha za zamani, na katika picha hizo meli hazikosekani. Watu wamesimama Forodhani, meli iko nyuma yao. Watu wameegemea reli ya sitaha, upepo unapeperusha mitandio. Nyuma ya picha hamna tarehe wala majina, kwani aliyepiga alijua, na waliopigwa walijua, na haikumpitikia mtu kwamba iko siku wote watakuwa wametangulia. Leo wanaozishika ni wajukuu, nao wanauliza: hii ni lini, hapa ni wapi, na huyu ni nani?

Aghalabu jibu limo humo humo pichani, juu ya mlingoti. Nitaeleza jinsi ya kulisoma.

Meli ina bendera ngapi?

Meli ya biashara ikiwa bandarini haina bendera moja tu. Ya kwanza iko nyuma, kwenye tezi, nayo ni ya taifa ambalo meli imeandikishwa. Meli za Kiingereza hupeperusha bendera nyekundu yenye ile ya Uingereza pembeni juu, upande wa mlingoti. Ya pili iko mlingoti wa mbele, nayo ni bendera ya heshima: meli ikiingia nchi ya watu huitundika bendera ya nchi hiyo kumwamkia mwenyeji, kama mgeni anavyopiga hodi. Ya tatu, kwenye meli yenye milingoti miwili, huwa mlingoti wa nyuma. Hiyo ndiyo ya kampuni, yaani ya mwenye mali. Nahodha akibadilishwa, bendera hiyo hubaki. Meli ikiuzwa, huteremshwa siku hiyo hiyo.

Alama ya nne si bendera, ila ni ndugu yake, nayo ni rangi ya dohani. Kila kampuni ilikuwa na rangi zake za dohani, na mtu aliyesimama ufukweni aliweza kuijua meli kwa mbali kabla hajaona kitambaa chochote.

Bendera ya BI

Kama kuna bendera moja ya kampuni ambayo wazee wetu waliijua, ni ya British India Steam Navigation, tuliyozoea kuiita BI. Ilikuwa nyeupe, ncha yake imepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu, na juu yake msalaba mwekundu wa mshazari, mfano wa herufi X. Dohani ilikuwa nyeusi yenye mikanda miwili myeupe. Majina ya meli zake nyingi yaliishia kwa herufi a, na hata watoto waliyajua: Kampala, Karanja, Amra, Aronda, Kenya, Uganda.

Mwanzilishi wake alikuwa Mskochi, William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown. Kampuni ilianza mwaka 1856 kwa safari za Calcutta na Burma, na mwaka 1862 ikachukua jina la British India. Mwaka huo huo wa 1862 ikaanza kupeleka barua Ghuba, kutoka Bombay hadi Basra. Miaka kumi baadaye, 1872, ikaanza safari ya kila mwezi ya barua kati ya Aden na Unguja. Tazameni basi: ndani ya miaka kumi bendera moja ilikuwa imefika kwenye pande zote mbili za maisha yetu, hata kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ilijenga meli mpya kwa njia zote mbili. Kwa Afrika Mashariki zilikuja Kampala mwaka 1947 na Karanja mwaka 1948, zikitoka Bombay na kupita bandari zetu mpaka Durban. Kwa Ghuba zilikuja nne ndogo zaidi: Dumra 1946, Dwarka 1947, Dara 1948 na Daressa 1950. Mtu aliyetoka Mombasa au Unguja akitaka kuja huku aliweza kupitia Bombay au Karachi, akashuka meli kubwa na kupanda ndogo, na kichwani pake ilipepea bendera ile ile. Wengi wao walikuwa abiria wa sitahani, wenye mkeka, birika la chai na kikapu cha chakula chao.

Waliofika Doha zamani watakumbuka kwamba bahari yetu hii haina kina. Kabla ya gati kubwa kujengwa, meli zilitia nanga mbali, na abiria na mizigo ikaletwa pwani kwa mashua. Kwa hiyo msitafute picha za enzi zile za meli imefungwa gatini hapa Doha. Tafuteni picha iliyopigwa kutoka mashuani, dohani nyeusi ikionekana kwa juu.

Dara inahitaji maneno yake peke yake. Alfajiri ya tarehe 8 Aprili 1961, karibu na Dubai, ulitokea mlipuko ndani yake. Ilikuwa imeondoka bandarini kukimbia dhoruba, nayo ilijaa watu. Moto ulienea, na watu 238 wakapoteza maisha. Tarehe 10 Aprili meli ikazama ilipokuwa ikivutwa. Mungu awarehemu wote. Kwa msomaji wa picha maana yake ni hii: picha yoyote yenye Dara ni ya kabla ya Aprili 1961, na anayesema alisafiri kwa Dara mwaka 1964 amechanganya majina.

Bendera za wengine

Si kila aliyesafiri alisafiri kwa BI, ingawa ukiwauliza wazee kumi, tisa watakuambia BI. P&O ya Waingereza ilikuwa na bendera iliyogawanywa kwa mshazari pembetatu nne: nyeupe juu, buluu upande wa mlingoti, nyekundu upande wa nje, manjano chini. Nyeupe na buluu ni rangi za wafalme wa Ureno wa wakati ule, nyekundu na manjano za Hispania, maana kampuni hiyo ilianza na safari za huko katika miaka ya 1830. Messageries Maritimes ya Wafaransa, iliyopita pwani yetu ikielekea Madagaska, ilikuwa na bendera nyeupe, pembe zake nne nyekundu, na herufi M mbili katikati. Union-Castle, iliyozunguka Afrika nzima, ilijulikana kwa ubavu wake wa rangi ya urujuani hafifu na dohani nyekundu yenye kichwa cheusi.

BI na P&O ziliungana mwaka 1914, lakini BI iliendelea na jina na bendera yake kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 P&O ilipanga upya shughuli zake, na jina la BI likaanza kufifia. Karanja iliuzwa kwa kampuni ya Serikali ya India mwaka 1976. Dwarka, ya mwisho katika zile nne za Ghuba, ilimaliza kazi mwaka 1982. Mwaka huo huo Uganda ilikuwa hospitali ya majeruhi katika vita vya visiwa vya Falkland.

Naye Sultani alikuwa na meli zake za moshi. Baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuvunja vyombo vyake, Sayyid Barghash alianza kununua meli za kisasa. Mmoja wa ununuzi huo ulikuwa Nyanza, aliyoipata mwaka 1880. Bendera ya mwenye mali wa zamani ikashuka, nyekundu tupu ya Sultani ikapanda. Meli yake nyingine, Glasgow, ilizamishwa mbele ya Forodhani tarehe 27 Agosti 1896, katika vile vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Milingoti yake ilibaki ikichungulia juu ya maji mpaka mwaka 1912. Kwa hiyo picha ya bandari ya Unguja yenye milingoti inayotoka majini bila chombo chini yake ni ya kati ya miaka hiyo miwili.

Jahazi halina bendera ya kampuni

Walio na picha za majahazi na mabumu watanilaumu nikiwasahau. Jahazi halikuwa na bendera ya kampuni, kwani mwenye chombo alikuwa mtu na jamaa zake. Lilipeperusha bendera ya mtawala wake kwenye tezi. Hapo kuna mtego: bendera ya Unguja ilikuwa nyekundu tupu, na ya Maskati pia ilikuwa nyekundu tupu mpaka Desemba 1970. Ya Kuwait kabla ya 1961 ilikuwa nyekundu yenye jina la nchi kwa maandishi meupe ya Kiarabu. Hapa Qatar rangi iligeuka kuwa damu ya mzee, na meno tisa yanayotenganisha rangi hiyo na nyeupe yanajulikana na kila mtoto wetu wa skuli. Bendera hiyo iliwekwa rasmi mwaka 1971.

Msidhani bendera ya jahazi ilikuwa pambo. Katika karne ya kumi na tisa baadhi ya manahodha wa Sur walichukua hati na bendera kutoka kwa Wafaransa, ili manowari za Kiingereza zisiwasimamishe na kuwapekua. Wengine walikuwa wafanyabiashara wa kawaida, na wengine walibeba watumwa. Hilo nalo ni sehemu ya historia yetu na halifai kufichwa. Ugomvi huo wa vitambaa ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague. Tarehe 8 Agosti 1905 ilihukumiwa kwamba Ufaransa ilikuwa huru kuwapa bendera kabla ya tarehe 2 Januari 1892, lakini baada ya siku hiyo iliweza kuwapa wale tu waliokuwa chini ya himaya yake kweli kweli, na kwamba haki hiyo haiwezi kupewa mtu mwingine wala chombo kingine. Madola makubwa mawili yalifika mahakamani kwa sababu ya kitambaa kwenye tezi la jahazi la Sur.

Waliohama kama sisi

Zipo jamii nyingine zilizohama ambazo zimelishughulikia jambo hili kabla yetu. Kutoka Uswidi, tangu katikati ya karne ya kumi na tisa mpaka miaka ya 1920, waliondoka zaidi ya watu milioni moja kwenda Amerika. Kampuni yao maarufu, Svenska Amerika Linien, ilianza safari za kutoka Göteborg kwenda New York mwaka 1915. Dohani zake zilikuwa za manjano, na juu yake duara la buluu lenye mataji matatu ya dhahabu, alama ya nchi yao. Ilifunga kazi mwaka 1975, na mpaka leo mataji yale yanapendwa na wajukuu wa wahamiaji.

Lakini angalieni miaka. Wengi wa wale milioni waliondoka kabla ya 1915. Walivuka kwenda Hull, wakapanda treni hadi Liverpool, na huko wakaingia kwenye meli za Kiingereza. Mataji matatu hayakuwapeleka wao. Kumbukumbu ya familia hupenda kuchagua bendera nzuri na kuibandika juu ya kila safari. Ndivyo ilivyo kwetu na BI. Wako waliokuja kwa jahazi, wako waliokuja kwa ndege kupitia Nairobi au Cairo, wako waliokaa kwanza Dubai au Kuwait, na wako waliongoja mpaka milango ya Oman ilipofunguliwa baada ya Julai 1970, kisha kazi ikawaleta huku. Kila safari ina heshima yake. Haifai tuwavishe wote bendera moja.

Siku thelathini na tatu

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si mchezo wa wazee wasio na kazi.

Katika albamu ya marehemu mama yangu iko picha iliyopigwa ufukweni Unguja. Ndani yake yuko mama, yuko shangazi yangu, na yuko ami yangu aliyebeba mtoto mchanga. Nyuma yao meli imetia nanga. Miaka yote picha hiyo ilikaa kwenye ukurasa ulioandikwa 1961, na ikasemwa kwamba mtoto yule ni kijana mkubwa wa ami, maana ndiye aliyekuwa mchanga mwaka huo. Ami aliuawa katika siku za Januari 1964. Binti yake, aliyezaliwa Oktoba 1963, alikulia hapa Doha akijua kwamba hakuna picha hata moja iliyomweka pamoja na baba yake.

Miaka michache iliyopita tuliikuza picha hiyo kwenye kompyuta, mimi na wapwa zangu. Dohani nyeusi, mikanda miwili myeupe. Mlingoti wa nyuma, bendera nyeupe ya mkia wa mbayuwayu, na X inayoonekana nyeusi, kwani katika picha zisizo na rangi nyekundu huwa nyeusi. Mpaka hapo ni BI, na BI ilipita kila mwaka. Kisha tukatazama mlingoti wa mbele, kwenye bendera ya heshima. Kama picha ni ya 1961, bendera ile ingekuwa nyekundu tupu, yaani kipande cheusi kitupu. Haikuwa hivyo. Katikati yake palikuwa na madoa mawili meupe yaliyokaa pamoja.

Ninyi wazee mmeshaelewa. Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja ilipata uhuru, na bendera nyekundu ikatiwa duara la kijani lenye karafuu mbili za manjano. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi, na bendera ile ikaondoka. Ilidumu siku 33. Meli inayoitundika kwa heshima ya mwenyeji imepigwa picha ndani ya siku hizo 33, wala hapana njia nyingine. Katika siku hizo yule kijana mkubwa alikuwa ameshatimiza miaka miwili, anakimbia. Mchanga aliyebebwa ni dada yake.

Shangazi yangu mdogo, ambaye Mungu bado amemweka, alipoonyeshwa picha iliyokuzwa aliitambua kofia ya mtoto, kwani aliishona yeye kwa ajili ya arubaini ya msichana. Binti ami yangu, ambaye leo ni bibi wa wajukuu, aliiangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaomba nakala nne: moja yake, na moja kwa kila mmoja wa wanawe watatu.

Tufanye nini

Naomba kila nyumba itoe picha zake za meli mwaka huu kabla ya Idi, na haya yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, msikate picha ili ziingie kwenye fremu. Mkasi hupita juu, na juu ndiko kwenye milingoti. Nimeona picha nyingi nzuri zilizobakiza watu na kupoteza tarehe.

Pili, vijana wazikuze picha kwa kompyuta kwa ukubwa unaowezekana, kisha watazame mahali pale panne: tezi, mlingoti wa mbele, mlingoti wa nyuma, na dohani. Waandike wanachokiona kabla ya kuuliza mtu, wasije wakaona kile walichoambiwa.

Tatu, waketi na wazee. Bendera itakupa mwaka na jina la kampuni, lakini haiwezi kukuambia aliyeshona kofia. Hilo liko kichwani mwa mtu, na watu hao wanapungua kila msimu.

Nne, nyuma ya kila picha yaandikwe majina, mahali na tarehe, kwa penseli laini, si kalamu ya wino, kwani wino hupenya. Kama jambo halijathibitika, liandikwe kwamba halijathibitika.

Tano, na hili ni kwa wanaopiga picha leo kwa simu. Mkiwapiga watoto Corniche, majahazi na majengo yakiwa nyuma yao, andikeni majina. Mnaona kila kitu kiko wazi, na waliosimama Forodhani nao waliona hivyo hivyo.

Picha zitakazosomwa zitaletwa kwenye mkutano wetu wa familia, na kamati imekubali kutenga kurasa za kitabu cha mwakani kwa zile zitakazopatiwa tarehe. Mwenye picha asiyeweza kuitazama vizuri, macho yangu bado yana nguvu na kioo cha kukuzia ninacho. Mlango uko wazi kila siku baada ya Alasiri, na kahawa haikosekani.

Wabillahi tawfiq.